RAM imepanda kasi, mbona gemu ziko palepale?

SWALI: Ndugu wataalamu, nina prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye madabodi ya B450, na RAM mbili za GB 8, DDR4-3200, taimingi 16-18-18-38. Nilizipandisha hadi 3600 nikaacha taimingi zilezile, kompyuta ikagoma kuwaka. Nilipoweka 18-22-22-42 iliwaka, lakini gemu hazijabadilika. Tatizo ni nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Tatizo ni hiyo 22. Taimingi, yaani namba za kusubiri za RAM, huhesabu mizunguko, si muda, na kasi ikipanda kila mzunguko unafupika. Ili kupata nanosekunde, zidisha taimingi kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi. Namba ya kwanza, CL (kusubiri data ianze kutoka), haikukupunja: 16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10, na 18 kwenye 3600 ni 10 vilevile. Ya pili, tRCD (kusubiri safu ya data ifunguliwe), ilikuwa nanosekunde 11.25, sasa ni 12.2. Umeongeza upana wa njia kutoka GB 51.2 hadi 57.6 kwa sekunde, halafu ukachelewesha kila safu ya data inapofunguliwa. Gemu huumia zaidi kwa huo ucheleweshaji.

Weka 18-20-20-40. Volteji ya RAM iwe 1.35, ikikataa, panda kidogo kidogo, ukomo 1.40. Hakikisha FCLK (kasi ya njia ya ndani ya prosesa) ni 1800, yaani nusu ya 3600, na UCLK (kasi ya kidhibiti cha RAM) ilingane na MEMCLK (kasi ya RAM yenyewe). UCLK na MEMCLK zikiachana, kidhibiti cha RAM hushuka nusu mwendo na faida yote inapotea. Ndiyo maana hatukushauri kukimbilia 4000 kwenye prosesa hii.

18-20-20-40 ikitulia, shughulikia tRFC (muda wa chipu za RAM kujihuisha), ambayo wengi huisahau. BIOS (programu ya mipangilio ya madabodi) ikiachiwa huweka takriban 630 kwenye 3600, sawa na nanosekunde 350, na muda wote huo chipu zinajihuisha bila kutoa data. Jaribu 600, kisha 580, kisha 560. Kila hatua ijaribiwe kivyake, maana ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimeharibu. Usihangaike na CL 17: Gear Down Mode (mpangilio wa BIOS unaokubali CL za shufwa tu) ikiwa imewashwa, madabodi huipandisha kimyakimya iwe 18.

Kuwaka si ushahidi. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uiache imalize raundi zote nne. Kosa moja tu linatosha kurudi nyuma, kwa sababu RAM inayokosea huharibu mafaili bila kukuambia, hata Windows yenyewe. Nakili kazi zako kwenye diski nyingine kabla hujagusa chochote. Kisha cheza gemu zito mchana wa joto. RAM iliyofaulu usiku ikiwa baridi inaweza kukosea ikichemka.

Ikigoma kuwaka tena, zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, uirudishe. Mipangilio yote itarudi ya kiwandani.

SWALI: Nina RAM moja ya GB 16, DDR4-3200. Nianze na taimingi gani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usianze na taimingi. Tafuta ya pili inayofanana nayo, uzichomeke sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama madabodi ina nne. Upana unaruka kutoka GB 25.6 hadi 51.2 kwa sekunde. Hakuna taimingi itakayokupa hivyo. Kisha washa XMP kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kasi iliyowekwa na mtengenezaji wa RAM.