Wasomaji Wanauliza: Safari ya Mahekalu ya Mawe ya Malta

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mahekalu ya Malta, yaliyojengwa kati ya mwaka 3600 na 2500 K.K., mengine kabla ya piramidi za Misri. Tumechagua tano.

Mimi na mume wangu tutakuwa Malta siku nne mwezi Mei. Tuanzie wapi, na je, tiketi zinanunuliwa mlangoni?
*Msomaji, Arusha*

Dada, kabla hujalipia ndege, nunua tiketi za Hypogeum ya Ħal Saflieni. Hili ni kaburi lililochongwa ndani ya mwamba chini ya mji wa Paola, ghorofa tatu kwenda chini. Mafundi waliokuwa wakichimba visima vya nyumba walilifumua mwaka 1902, na mabaki yaliyokutwa humo yanakadiriwa kuwa ya watu 7,000. Wanaoruhusiwa kuingia ni watu 80 tu kwa siku, kumi kumi. Pumzi za wageni huongeza joto, unyevu na hewa ya ukaa, na juu ya dari mna michoro ya rangi nyekundu ya udongo isiyovumilia mambo hayo.

Tiketi zinauzwa mtandaoni na Heritage Malta, shirika la serikali linalotunza maeneo haya. Wakati wa msimu wa wageni tiketi huisha wiki nyingi kabla, wakati mwingine miezi. Basi tarehe mtakayopata Hypogeum ndiyo iamue tarehe ya ndege. Mkikosa, zipo tiketi chache zinazouzwa ana kwa ana siku moja kabla, kwa bei kubwa zaidi. Tazameni kwenye tovuti yao zinauzwa kituo gani, na muwahi foleni kabla hakijafunguliwa.

Wengi hukwama kwenye tiketi ya pamoja ya makumbusho. Inafungua karibu kila mahali, ila Hypogeum haimo, na mtu hugundua hilo akiwa mlangoni. Watoto chini ya miaka sita hawaingii, mikoba hubaki nje, na kupiga picha ni marufuku.

Siku ya kwanza nendeni Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia jijini Valletta. Msiiache mwishoni. Mawe yaliyochongwa ya hekalu la Tarxien yamehamishiwa humo ili yasiliwe na mvua, na unayoyaona hekaluni ni nakala. Humo pia yumo Bibi Aliyelala, sanamu ya udongo yenye urefu wa kama sentimita 12 iliyotoka Hypogeum: mwanamke mnene amelala ubavu, mkono mmoja chini ya kichwa. Mkishaiona, vyumba vya chini ya ardhi vitawaeleza mengi zaidi. Tarxien yenyewe iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Hypogeum, kwa hiyo fanyeni yote mawili siku moja.

Mahekalu jirani ya Ħaġar Qim na Mnajdra yapewe siku yake, na kisiwa cha Gozo siku yake. Feri ya Gozo kutoka bandari ya Ċirkewwa huchukua dakika 25 hivi. Msishangae kutoombwa nauli wakati wa kwenda: abiria wa miguu hulipa wanaporudi, bandarini Mġarr. Ila basi la Valletta hadi Ċirkewwa hula zaidi ya saa nzima, na ndiko siku inakopotelea. Kutoka Valletta ipo boti ya kasi inayofika Gozo kwa kama dakika 45. Huko Xagħra ndiko liliko hekalu la Ġgantija, lenye kuta zinazozidi mita sita.

Mwanangu anasoma Uingereza na ana viza ya huko. Je, anaweza kuungana nasi Malta kwa viza hiyo?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana, mama. Malta iko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007, na viza ya Uingereza haimwingizi. Kama anatumia pasipoti ya Kenya, aombe viza ya Schengen akiwa huko huko Uingereza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na kusubiri hizo siku 15 ni kujitakia roho juu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka Schengen.

Nimesikia kuna hekalu ambalo jua hupita mlangoni siku maalumu. Nitafika tarehe 24 Machi. Nitaliona?
*Msomaji, Unguja*

Unayoulizia ni hekalu la kusini la Mnajdra. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, jua likichomoza mwanga hupenya mlango mkuu na kunyooka katikati ya hekalu hadi ndani kabisa. Katika siku ndefu kuliko zote, mwezi Juni, hugonga ukingo wa jiwe lililo kushoto kwa anayetazama ndani. Siku fupi kuliko zote, mwezi Desemba, hugonga la kulia.

Tarehe 24 utakuwa umechelewa. Majira hayo ya Machi jua huhama haraka, na kwa siku nne mahali pa kuchomozea husogea karibu digrii mbili kuelekea kaskazini, upana wa jua lenyewe mara nne. Mwanga utaingia, lakini umekwenda upande. Juni na Desemba mambo ni tofauti: jua karibu lisimame, na ukifika siku tatu kabla au baada hutaona tofauti. Kwa asiyeweza kuchagua tarehe kamili, tunashauri miezi hiyo, hasa Juni, kwa kuwa Desemba mawingu ni mengi.

Jambo la pili ni saa. Machi jua huchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi, na eneo hufunguliwa kwa wageni wa kawaida jua likiwa limeshapanda. Heritage Malta hutoa tiketi chache za alfajiri kwa siku hizo. Bila hiyo utakuta geti limefungwa. Chukua koti, upepo wa bahari pale ni mkali.

Ukipewa chenji, igeuze sarafu ya senti 1, 2 au 5 ya Malta: madhabahu ya Mnajdra imechorwa pale.

Mimi ni fundi ujenzi. Hawa watu hawakuwa na chuma. Waliyainua vipi mawe hayo, na kwa nini sasa yamefunikwa kwa hema?
*Msomaji, Tanga*

Fundi, jibu linaanzia kwenye jiwe. Malta ina mawe ya chokaa ya aina mbili kubwa. Moja ni gumu na la kijivu, limejaa mashimo kama matumbawe ya kuta za Kilwa. Lingine ni laini, la rangi ya asali, linachongeka hata kwa jiwe kali. Ġgantija walitumia gumu nje na laini ndani, mahali pa milango na madhabahu. Ħaġar Qim walijenga kwa laini tupu kwa sababu ndilo lililokuwa chini ya miguu yao juu ya kile kilima. Mnajdra, mita 500 hivi kuteremka kuelekea baharini, kuta za nje ni za lile gumu.

Tarxien utaona mipira ya mawe, ambayo huenda ilitumika kuviringishia mawe makubwa. Chini ya baadhi ya mawe ya Ħaġar Qim pamechongwa pengo, inavyodhaniwa ni la kutia mtaimbo wa mti. Jiwe kubwa kuliko yote hapo hukadiriwa kufika tani 20. Milango ni miimo miwili na linta juu. Mingine ni bamba moja lililotobolewa uwazi wa mstatili, na pembeni mna matundu ya kufungia kamba au komeo. Sakafu ni chokaa iliyopondwa, ikamwagiwa maji na kushindiliwa hadi ikang'aa.

Ukisimama Ħaġar Qim utaona uso wa jiwe umebambuka kwa tabaka. Mvua na chumvi ya bahari huingia ndani, jua hukausha, chumvi hukua kama chembe za sukari na kusukuma ngozi ya jiwe nje. Mvua pia husomba kifusi kilichojazwa kati ya kuta mbili, na ukuta ukikosa kifusi hulala. Ndiyo maana hema ziliwekwa mwaka 2009. Wanaolalamika kwamba zinaharibu picha wana haki ya kusikitika, lakini bila hema picha yenyewe isingedumu. Usiegemee jiwe wala kupitisha kiganja.

Je, hapa kwetu Kenya hakuna mawe ya namna hii?
*Msomaji, Eldoret*

Yapo Turkana, magharibi ya ziwa. Kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe ya volkano, ziitwazo Namoratunga. Kusini zaidi, Lothagam Kaskazini, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa la upana wa mita 30, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wakasimamisha nguzo na kuzika humo watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake na watoto. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 haukuona dalili kwamba wakubwa walitengwa na wadogo. Karibu wote walizikwa na mapambo yao.

Kalokol unaifikia kwa gari la kukodi kutoka Lodwar. Ondoka alfajiri, maana hakuna kivuli, na beba maji lita tano kwa kila mtu. Lothagam inataka gari la kuvuka mchanga na mwenyeji wa Kiturkana anayejua njia. Mwaka 1978 watafiti walidai nguzo za Kalokol zimepangwa kufuata nyota, na wengine wakapinga vipimo hivyo. Mawe yale yana usumaku: ukitaka kupima mwelekeo, usiisogeze dira karibu na nguzo. Na vijiwe utakavyovikuta juu ya nguzo viache pale pale.