Kahawa Materuni: lala usiku mmoja, ikiwezekana miwili

Je, ziara ya nusu siku inatosha kuona kahawa ikitengenezwa Materuni, kijiji cha mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi? Hapana, saa nne za kwenda na kurudi Moshi hazitoshi. Kahawa mbivu inachumwa na kumenywa siku hiyohiyo, kisha buni inalala kwenye ndoo au tangi ichachuke mpaka ute ulegee. Kwa baridi ya huko juu hiyo ni usiku mzima, mara nyingine siku moja na nusu. Ndipo inaoshwa na kuanikwa juu ya meza za wavu wiki moja hadi mbili. Mgeni wa nusu siku anatwangiwa kinuni buni iliyokauka zamani, anakaangiwa, anakunywa, anaondoka. Anayelala anachuma mchana, anamenya jioni na kuosha kesho yake. Ukiilaza bila kumenya inachacha vibaya na mwenye shamba ndiye anayepata hasara, kwa hiyo usimcheleweshe ukipiga picha.

Kulala kuna faida kubwa kwa kijiji: kitanda, ndizi za chakula cha jioni, kuni na mwongozaji wa kwenda maporomoko ya maji vyote vinalipwa hapohapo. Muulize kabla anayekupeleka ni kiasi gani kinamfikia mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga. Ni bora zaidi umlipe mwenyewe mkononi.

Njoo kati ya Julai na Desemba, msimu wa mavuno. Machi hadi Mei mvua inatelezesha njia, na kahawa mbivu huipati.