Kutoka uhasibu hadi ufundi AC: jibu kwa aliyeuliza kozi yenye soko

Mdogo wangu, umesema una digrii ya uhasibu, huu ni mwaka wa tatu uko nyumbani, na unataka kujua kozi ipi ina soko ili ukaisome. Nami nilisoma uhasibu. Leo ni fundi AC na friji hapa Dar, na kazi yangu naipenda, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Shida ya kozi yenye soko ni kwamba mpaka habari zake zikufikie wewe, zimeshawafikia wengine wote. Mtasoma pamoja, mtahitimu pamoja, mtakutana kwenye usaili mmoja. Ushauri wangu ni huu: tafuta kazi ambayo watu wataihitaji siku zote lakini vifaa vyake vinabadilika, kisha ujifunze ile sehemu mpya ambayo wakongwe bado wanaikwepa. Mgeni hupata nafasi hapo.

Chukua ufundi wangu. Kwa miaka mingi AC za mjini zilitumia gesi ya kupoozea iitwayo R22. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Mwaka 2016 mataifa yakakutana Kigali yakakubaliana kupunguza hata zile zilizokuja badala yake, maana zinaongeza joto la dunia. Mambo ya mikutano hayo sisi tunayaona kwenye maboksi ya Kariakoo: AC za inverter zenye gesi ya R410A au R32, na friji za nyumbani zenye R600a, gesi inayoshika moto.

Fundi aliyekulia kwenye R22 alizoea kujaza gesi huku akishika bomba. Likipoa vizuri, anafunga na kuondoka. Kwa R410A huwezi. Mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa R22 kwa zaidi ya nusu, hivyo geji za zamani, yaani vipimo vya mgandamizo, hazifai. Tena ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo mtungi unaupindua kichwa chini ili itoke ikiwa kimiminika, na unaipima kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kabla ya hapo unavuta hewa na unyevu wote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, bila haraka, hata mteja akinuna.

Halafu kuna bodi, ile sakiti ya kielektroniki inayoongoza mashine. AC ya inverter inaongeza na kupunguza yenyewe mwendo wa kompresa, pampu inayosukuma gesi, na ikipata hitilafu inaandika herufi na namba kwenye kioo. Wengi wakiona hivyo wanasema bodi imekufa, mteja akanunue nyingine. Mimi nachomoa kwanza sensa ya joto, kiwaya chenye kichwa kidogo kama punje ya mhindi, naipima kwa mita. Nyingi zinatakiwa zisome ukinzani wa umeme wa omu 5,000 au 10,000 kwenye nyuzijoto 25. Isiposoma hivyo, tatizo ni kiwaya, na mteja ameokoa pesa nyingi. Raha yangu iko hapo. Ile hamu ya kusaka kosa mpaka hesabu ikae sawa nilitoka nayo chuoni, na sikuitupa.

Usije kwenye AC kwa sababu mimi naipenda, lakini. Kila kazi ina sehemu ya kuchosha inayojirudia, na hiyo ndiyo uipime kabla ya kuipenda. Ya kwetu ni kuosha mashine: uko juu ya ngazi mchana wa Februari, maji meusi yanakushukia mkononi, na mwenye nyumba anauliza mbona bei kubwa wakati umeosha tu. Kama hiyo unaiweza kila wiki, njoo. Na ujiandae kwa kipindi cha usaidizi wa fundi, pesa ya nauli na chakula tu, huku ndugu wakiuliza msomi gani anabeba ngazi. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Kujifunza, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi ndefu na fupi. Ukipitia kwa fundi wa mtaani pia si mwisho wa njia, maana VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa, unapewa cheti.

Digrii yako usiifiche. Mafundi wenye mikono mizuri kuliko mimi wapo wengi, ila shule au hoteli ikitaka proforma (ankara ya makadirio), TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD (mashine ya kodi), wanakwama. Zabuni za serikali nazo sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni. Mwenye mahesabu safi anapata mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima, na huo ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Si lazima iwe AC. Angalia bajaji zinazofungwa mitungi ya gesi asilia, au pampu za maji za sola huko mikoani. Chagua fundi mmoja unayemwamini, umwombe ukashinde naye kazini. Mapato yake usimuulize kwanza. Muulize ni mashine zipi siku hizi wateja wanamletea na yeye anazikataa, na kwa nini, kisha uje uniandikie hapa amejibu nini.