Usisome rangi ya stika, soma namba ya modeli

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kitu kimoja, diski za kuweka kwenye NAS, lile boksi linalokaa pembeni ya ruta na kila mtu ndani ya nyumba anavuta picha na muvi zake humo. Nimechagua tano. Ya kwanza jibu lake ni refu, mnivumilie, maana zingine zote zinasimama juu yake.

Habari kaka. Nimenunua boksi la NAS la diski mbili, limekuja tupu. Nataka kuweka picha za wanangu, video ya send-off ya mdogo wangu na nyaraka za familia. Nimezunguka Kariakoo siku nzima, duka la kwanza wananiambia chukua ile ya stika nyekundu, la pili wananiambia nyekundu na bluu ni mle mle tofauti ni bei tu, la tatu wananiambia Seagate zinakufa haraka nisizisogelee kabisa. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nishike lipi?
*Baba Pacha, Tabata*

Pole na jua Baba Pacha. Tuanze na hilo la kampuni maana ndo linalokula muda wa watu bure. Wanaotengeneza diski za kuzunguka wamebaki watatu tu duniani, Seagate, Western Digital (WD) na Toshiba, ile Hitachi ambayo sisi wa zamani tunaikumbuka ilimezwa na WD mwaka 2012. Na ukichimba, majina makubwa yana modeli zilizowahi kuliza watu. IBM walipokuwa bado wanatengeneza diski walitoa Deskstar 75GXP mwaka 2000, zikafa mpaka watu wakaibatiza Deathstar, yaani nyota ya kifo. Seagate walikuwa na ile ya tera 3, ST3000DM001, iliyoishia kushtakiwa mahakamani Marekani 2016. Sasa mtu aliyeungua na hiyo ya tera 3 ndo mpaka leo amekaa dukani anakwambia Seagate zote mbovu, na ukimwuliza modeli gani hajui.

Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, kazi yao kutunza bakapu za watu, wana diski laki na zaidi zinazunguka usiku na mchana na tangu 2013 wanaweka hadharani ipi imekufa na ipi inadunda. Ukizipitia hesabu zao unakuta modeli moja ya kampuni fulani haifi hovyo, na modeli nyingine ya kampuni ile ile inaondoka kama kuku wa kideri. Kwa jumla katika diski 100 kwa mwaka inakufa moja au mbili. Kwa hiyo usiulize kampuni, uliza modeli.

Na kwenye modeli kitu cha kwanza ni diski inaandikaje. Kuna CMR na kuna SMR. Kwenye CMR mistari ya data imekaa bega kwa bega, kila mmoja na nafasi yake. Kwenye SMR mistari imelaliana kama makuti kwenye paa, ndo maana zinaingia data nyingi kwenye sahani ile ile na bei inashuka. Sasa we unajua kuti la chini likioza hulichomoi peke yake, unafumua na yaliyolilalia juu halafu unayapanga upya yote. Diski ya SMR ndo inachofanya kila ukibadilisha kitu katikati yake, inasoma kipande kizima, inarekebisha, inakiandika upya chote. Kwa eksteno ya kutunzia muvi wala hutajua, unajaza mara moja basi. Kasheshe ni kwenye NAS siku diski moja imekufa umechomeka mpya, boksi linaanza kuijaza hiyo mpya kwa masaa bila kuipa pumzi, na SMR hapo ndo inapochoka.

Hii sio nadharia. Mwaka 2020 watu waligundua WD wamebadilisha Red, ndo hizo za stika nyekundu, za tera 2 mpaka tera 6 kuwa SMR bila kusema popote, na hizo ni diski zinazouzwa kwa jina la NAS! Jamaa wa tovuti ya ServeTheHome wakazipima kwenye ZFS (mfumo mmojawapo wa kupanga data kwenye NAS), ya CMR ya tera 4 ikamaliza kujazwa chini ya siku moja, ile ya SMR WD40EFAX ikachukua zaidi ya siku 9. Siku 9 zote hizo data yako inaning'inia kwenye diski zilizobaki. Baada ya kelele WD wakaleta jina la Red Plus kwa zile za CMR, kwa hiyo Red Plus na Red Pro ni sawa, Red peke yake bila neno la pili iache dukani. Upande wa Seagate IronWolf ni CMR, Toshiba N300 ni CMR. BarraCuda ya Seagate ya tera 4 yenye namba ST4000DM004 ni SMR na ndo imejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Unaona sasa, yule wa duka la kwanza aliyekwambia nyekundu hakukudanganya na ukweli hakukwambia.

Kingine, diski ya kawaida ya kompyuta, kama hizo za bluu, ikikutana na kipande kibovu inang'ang'ana kukisoma muda mrefu, NAS inaona kimya inasema huyu kafa inaitoa kwenye kundi. Diski za NAS zimewekewa kikomo kama sekunde 7 hivi halafu zinakiri kosa kazi inaendelea. Nunua mbili za saizi moja, moja Red Plus moja IronWolf, au kama unataka aina moja basi duka tofauti, ili zisiwe zimetoka kiwandani siku moja na ugonjwa mmoja. Na risiti iandikwe seriali namba, hiyo usikubali kuambiwa kesho.

Assalaam aleikum. Mimi napiga picha za harusi hapa Mombasa na nyumba yetu iko karibu sana na bahari. Fundi wa CCTV ana diski za stika ya zambarau, zile za kurekodia kamera, zimebaki kazini kwake, mpya, anataka kuniuzia bei nzuri niweke kwenye NAS. Zafaa? Na hili joto la kwetu halitaziua?
*Bi Harusi Wote Wangu, Mombasa*

Waaleikum salaam dada. Zafaa, mimi nawajua watu wanaozitumia nyumbani miaka na hawana neno. Zimetengenezwa kuzunguka saa 24 zikiandika muda wote, ile akili yao ya kamera inaamka pale tu kifaa cha kurekodi kinapoiomba, NAS yako haitaiomba. Ila hakikisha ni mpya kweli (barua inayofuata inakuhusu) na tafuta namba ya modeli kama ni CMR.

Joto wala lisikutie hofu hivyo. Google walipochunguza diski zao zaidi ya laki moja mwaka 2007 walikuta joto la wastani sio muuaji kama watu walivyodhani. Weka chini ya nyuzi 45 ulale. Muuaji wa kwenu ni unyevu. Kuna utafiti wa 2016 kwenye vituo 9 vya seva vya Microsoft, diski zaidi ya milioni, ulioonyesha unyevu mwingi hewani ndo unaoua kuliko joto, na kinachoharibika hasa ni ile bodi ya umeme ya diski, sahani za ndani zenyewe hazina shida. Microsoft hawana upepo wa chumvi wa Mombasa, wewe unao. Nimewahi kupindua diski iliyokaa dirishani upande wa bahari, vidoti vya shaba kwenye bodi vimeota kijani kama sufuria ya bibi.

Kwa hiyo itoe dirishani, iweke chumba cha ndani, na usiizime zime, diski inayozunguka ina joto lake na joto hilo linafukuza unyevu. AC unayowasha jioni tu unazima asubuhi sio rafiki, chumba kikipoa halafu hewa ya nje ikaingia ghafla maji yanatua kwenye vyuma. Halafu UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, tena kabla ya kufikiria diski ya tatu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika ndo mafaili yanachanika, na ukirudi kwa kishindo ndo bodi inaungua. Chagua UPS yenye waya wa USB wa kuiambia NAS izime yenyewe taratibu.

Shikamoo kaka. Nipo Muscat, likizo narudi Dar. Mtandaoni huku nimeona Seagate Exos tera 16, "mpya kabisa", bei karibu nusu ya dukani. Ninunue mbili nije nazo?
*Mama Salha, Muscat*

Marahaba. Nusu bei kwenye diski ndo pa kuuliza maswali. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise wa Ujerumani walifichua diski za Seagate, Exos nyingi humo, zinauzwa kama mpya kumbe zimefanya kazi maelfu ya masaa. Nyingi inaonekana zilitoka China kwenye mashamba ya Chia, ile sarafu ya mtandaoni iliyoanza 2021 ambayo badala ya kuchimbwa kwa kadi za grafiki inataka nafasi ya diski. Sarafu ikadoda, diski zikabaki, mtu akafuta saa za kazi zikasoma sifuri, akaweka kwenye mfuko wa fedha ule unaong'aa, haya mpya hiyo.

Ila wafutaji walifuta kumbukumbu ya SMART, ile ambayo diski inajiandikia saa zake na makosa yake, ile nyingine inayoitwa FARM kwenye nyingi haikufutwa. Chomeka kwenye kompyuta yenye Linux, weka programu ya smartmontools toleo la 7.4 kwenda mbele, andika smartctl -l farm halafu jina la diski. SMART ikisema saa 3 na FARM ikisema saa 20,000, rudisha siku hiyo hiyo. Hii ni kwa Seagate. Pia ingiza seriali namba kwenye tovuti ya kampuni uone waranti inaisha lini na ni ya nchi gani, kuna zinazouzwa kwa makampuni ya seva na mnunuzi wa mtaani hana waranti yoyote, na ya Uarabuni Dar wanaweza kukuangalia tu.

Ukizikubali zijaribu hapo hapo Muscat kabla ya safari. Jaza diski nzima mwanzo mpaka mwisho usome tena yote, tera 16 hiyo ni siku mbili tatu, halafu angalia namba 5, 197 na 198 kwenye SMART, zote tatu ziwe sifuri. Usiseme kakosa kamoja sio neno, hao hao Google walikuta diski ikipata kosa la kwanza kwenye ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unaruka mara 39. Njiani zibebe mkononi, usizitie kwenye begi la kurushwa.

Mambo vipi bro. Kuna eksteno ndogo kama kiberiti, tera 16, elfu 60 tu. Nichukue?
*Mwanachuo, Mwanza*

Hapana. Ndani kuna memori kadi ya giga 64 imefundishwa kusema uongo, itapokea mafaili yako yote na kuandika ya mwisho juu ya ya kwanza. Eksteno za mfukoni zenye diski ya kuzunguka zilikaa tera 5 miaka, 2024 ndo WD wakafika tera 6. Kama umeshanunua ijaribu na programu ya H2testw, itakwambia saizi ya kweli.

Kijana wangu, nimeweka diski mbili, RAID 1, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Bakapu ya nini tena?
*Mzee Mstaafu, Moshi*

Shikamoo mzee wangu. RAID inakulinda diski moja ikifa, basi. Haikulindi na mwizi wala radi, na haikulindi na mkono wako mwenyewe. Mimi niliwahi kufuta folda ya harusi ya kaka nikidhani ni nakala, RAID kwa utiifu kabisa ikafuta kwenye diski zote mbili kwa sekunde moja. Kilichoniokoa ni eksteno ya kizamani niliyoisahau kwa dada Morogoro. Tangu hapo ninazo mbili, za SMR rahisi tu kwa kazi hiyo zinatosha, moja iko kwangu moja iko kwake, Pasaka na Krismasi nikienda nazibadilishana, na kila mara dada ananiuliza kwani humo ndani umeficha nini.