Usisubiri Rekodi ya Mwisho Ndipo Uanze Kazi

Programu yako ikiwa na hatua kadhaa, moja inasoma, nyingine inasafisha, nyingine inaandika kwenye hifadhidata, ichunguze sana ile ya katikati. Mimi hutunza mifumo ya malipo ya wauzaji wa jumla wa Nyamakima, Nairobi, na nikiitwa kwa sababu ripoti zinachelewa, mara nyingi nakuta hatua ya kati inarundika malipo ya siku nzima kwenye orodha moja ndipo iyaachilie. Mwenye duka anakodolea macho skrini tupu huku memori ya seva ikijaa.

Kwenye Python dawa ni nyepesi: badala ya kurudisha orodha nzima kwa return, tumia yield, inayotoa kitu kimoja kimoja, ndani ya kitanzi (loop). Amri hiyo ipo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001. Hatua yako sasa inapokea rekodi moja, inaongeza saa 3 ili UTC, yaani saa ya kimataifa, iwe saa ya Nairobi, inaikabidhi mbele, kisha inaomba nyingine. Hatua ya mwisho ndiyo inayovuta, kwa hivyo ikilemewa, zilizo nyuma yake nazo husubiri.

Penye kazi hasa ni mipakani. Data ya mtandaoni huja vipande vipande, na hukatwa popote. Malipo ya 1500 yanaweza kufika “15” mwishoni mwa kipande kimoja na “00” mwanzoni mwa kinachofuata. Ukisoma kila kipande kivyake, mteja anaandikiwa shilingi 15. Chukua hadi alama ya mwisho ya mstari mpya, weka masalio, yaunganishe na kipande kijacho. Data ikiisha, yatoe masalio hayo pia, maana faili nyingi hazina alama hiyo mwishoni na malipo ya mwisho hupotea bila hata ujumbe wa kosa.

Herufi nazo hukatika. Ile ũ ya Wanjikũ ni baiti 2 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, basi usigeuze baiti kuwa maandishi kabla ya kuhakikisha herufi imekamilika.

Jumla haihitaji orodha. Namba moja inayoongezeka inatosha. Kupanga kwa ukubwa ndiko kusikokwepa kusubiri, kwa hivyo kuweke mwisho kabisa.

Kabla ya kuikabidhi programu, ilishe faili ileile baiti moja moja. Matokeo yakitofautiana na ya faili nzima, kuna hatua inayotupa masalio yake.