Mnaoanza kibanda umiza, picha ikiitwa ya sayansi msidhani ni ya watoto

Wadogo zangu mnaotaka kufungua kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha filamu, hapa Mwanza, mi nipo Kirumba mwaka wa tisa sasa karibu na mwaloni, kosa langu msilirudie. Jumapili moja mchana niliweka The Platform, ile ya Wahispania ya 2019, aliyenijazia flashi alisema ni sayansi, mambo ya gereza la miaka ijayo, nikajua maroboti tu, na watoto walishajaa kwenye mabenchi.

Kumbe bwana! Lile gereza limeshuka chini kama kisima, kila ghorofa watu wawili, meza ya msosi inatoka juu inashuka, wa juu wanafakamia mpaka wanakanyaga chakula, wa chini wanakuta sahani tupu, alafu kila mwezi mnalazwa kwa gesi mnaamka ghorofa nyingine. Sasa wa chini wanakula nini? Wanakulana. Mi nilikua nje napiga stori na bodaboda, nikaona ndani kimya, na kibanda cha watoto kikinyamaza jua kuna jambo. Jioni mama mmoja akaja, wala hakunitukana, akasema we kaka mwanangu kagoma kula nyama, anauliza ni ya nani.

Toka hapo picha naimaliza mwenyewe usiku ndo naipangia muda. Trela inadanganya. Alama za Wamarekani zinasaidia kidogo, R maana yake chini ya miaka 17 aje na mzazi, na hii Netflix waliipa TV-MA, ya watu wazima kabisa, ila faili la kwenye flashi halina alama yoyote so macho yako ndo alama. Na usihesabu maiti! Steringi anaweza kumwaga watu 40 kwa bunduki na mtoto akalala fofofo, lakini humu kuna mzee kamfunga mwenzake kitandani anamwelezea kwa upole atakavyomkata minofu, hapo damu bado haijatoka na ndo pabaya kuliko pote. Kuna mtu anajinyonga pia, ikiwa na hiyo sibishani, inaenda usiku. DJ wa kutafsiri akitia utani usijidanganye imepoa, macho ya mtoto hayasikilizi DJ.

Sijaifuta lakini. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wanajaa kwangu, nikawawekea saa nne usiku na waliielewa kuliko mimi, mmoja akasema hiyo meza ni mtumbwi wa tajiri, anatoa gharama zake kwanza nyie mnagawana mabaki. Watu wakabishana mpaka mama ntilie akafunga.

Ila kabla ya kuiwasha zunguka turubai upande wa chooni, pana tundu, na wale wa darasa la tano wanalijua kuliko wewe.