Julai, wikendi Kapenguria

Dada, kama mtatoka Nakuru Jumamosi na mnataka mji mdogo wenye historia, nendeni Kapenguria, kule Pokot Magharibi. Shikeni matatu ya Kitale kabla ya saa moja asubuhi. Safari huchukua saa nne hadi tano, na gari halitoki mpaka lijae, kwa hiyo kuchelewa kidogo stejini kunakula mchana wote. Njiani, Timboroa ndipo baridi kali ilipo. Kagueni dirisha linafunga kabla ya kukaa.

Kitale, shukeni muone jumba la makumbusho, lililofunguliwa 1974. Saa moja yatosha. Kisha pandeni gari la Makutano. Laleni hapo, maana gesti nyingi ziko Makutano. Kapenguria yenyewe iko mbele kidogo, na boda inawafikisha. Ulizeni maji ya moto kabla ya kulipa, na mwombe blanketi la pili mapema.

Jumapili asubuhi ni ya makumbusho ya Kapenguria. Hapo ni gereza la zamani, walikozuiliwa wapigania uhuru sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko. Kesi yao, ya kudaiwa kuongoza Mau Mau, ilianza 1952, hukumu ikatoka Aprili 1953. Ingieni ndani ya seli, msichungulie tu mlangoni. Udogo wa chumba unaeleza mengi kuliko maandishi ukutani. Tiketi hulipwa kwa simu, basi wekeni salio.

Mkipata maziwa ya Wapokot ya kibuyuni, yaliyotiwa majivu ya mti na kuwa ya kijivu, onjeni. Saa sita muwe mmeshaondoka. Jumapili jioni magari ya kurudi Nakuru hujaa watu pale Kitale.